Mavazi ya panki: maana na chimbuko lake

Mavazi ya panki ni namna ya kuvaa ya vijana wa panki, yaani muziki wa roki wa kasi na wa kiasi, iliyojengeka New York na London katika miaka ya 1970, ambayo mvaaji huchukua nguo ya kawaida akaichana, akaichora, kisha akaiunga upya kwa pini, zipu au mnyororo, huku akiacha kila kiraka kionekane. Kiini chake ni kazi hiyo ya mikono, wala si nguo fulani. Jaketi jeusi la ngozi, kwa mfano, lilikuwa vazi la waendesha pikipiki tangu zamani. Lilihesabiwa kuwa la panki pale mwenyewe alipolipachika njumu na kuliandika mgongoni kwa rangi.

Katikati ya muongo huo, mwanamuziki Richard Hell alikuwa akipanda jukwaani New York, katika klabu ya CBGB, akiwa na fulana zilizoraruka na nywele fupi zilizosimama ovyo. Mwingereza Malcolm McLaren, aliyekuwa huko akiisaidia bendi ya New York Dolls, alivutiwa na mwonekano huo, akarudi nao London mwaka 1975. Duka aliloliendesha pamoja na mbunifu Vivienne Westwood, katika nyumba namba 430 ya barabara ya King's Road, lilikuja kuuza suruali zenye mikanda inayounganisha mguu mmoja na mwingine, pamoja na mashati ya melimeli yenye mikono iliyopita vidole.

Hata hivyo, kumpa Westwood sifa yote, kama wengi wafanyavyo, ni kuwapunja vijana wenyewe. John Lydon, aliyekuja kuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya Sex Pistols, alijulikana dukani hapo kwa fulana ya bendi ya Pink Floyd ambayo, juu ya jina la bendi, alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba anaichukia. Fulana hiyo hakuuziwa na mtu ikiwa hivyo. Bei za duka hilo zilikuwa kubwa, na Uingereza ya wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya 1,000,000 wasio na kazi. Kwa hiyo wengi walijitengenezea mavazi yao nyumbani kwa nguo za mtumba na hata mifuko ya taka. Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, ambaye baba yake alikuwa Msomali, alipanda jukwaani na nguo za rangi kali na vyuma vyake vya kunyooshea meno, bila kuona haja ya kuvificha.

Lipo pia doa ambalo halifai kufunikwa. Baadhi ya wapanki wa mwanzo walivaa alama ya Wanazi ili kuwashtua wazee, jambo lililowaumiza waliopoteza ndugu zao vitani na kwenye kambi za mauaji. Wenzao walilipinga: tarehe 30 Aprili 1978, bendi za The Clash na X-Ray Spex zilipiga muziki katika bustani ya Victoria Park, London, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi.

Nywele za kiduku, ambazo leo hudhaniwa kuwa ndizo alama kuu, zilienea baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia hapo mitindo ya kitajiri ilikuwa imekwisha kuingilia kati, kwani mwaka 1977 mbunifu Zandra Rhodes alishonea magauni ya kifahari pini na minyororo. Baadaye, mwaka 1994, kampuni ya mitindo ya Versace ikatoa gauni jeusi lililofungwa ubavuni kwa pini kubwa za rangi ya dhahabu. Ni kazi nzuri ya fundi, lakini kuiita panki ni kuinyang'anya dhana hiyo maana yake.