Kikapu kimoja sokoni: dhana tulizozoea kuhusu kubadilika

Enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki, sokoni Mbuyuni hapa Moshi, kulikuwa na bibi aliyekuja na kikapu chake cha ukindu. Muuza nyanya alikuwa keshapuliza rambo ifunguke, bibi akasogeza kikapu: "Mwaga humu, baba." Watu walicheka. "Bibi leo anarudi Kibosho kwa mguu!" Hakujibu. Wiki kadhaa baadaye nikamwona dada mmoja nyuma yake, naye kashika kikapu.

Dhana: Mtu mmoja habadilishi kitu.
Ukweli: Kikapu kile hakikupunguza taka za Moshi, tusidanganyane. Kilichofanya ni kumwondolea aibu yule dada. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, huku wengine chumbani wamepangwa watoe jibu la uongo kwa makusudi. Takriban theluthi moja ya majibu ya mtu aliyepimwa yalifuata uongo ule, ingawa macho yake yaliona vizuri. Akipatikana mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu!

Dhana: Jibadilishe wewe, jamii itafuata yenyewe.
Hii ndiyo inayoniudhi, maana ni tamu mdomoni na inampa kila mtu ruhusa ya kukaa kwake. Rambo hazikuondolewa na vikapu. Zilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Ila wenye vikapu siku ile hawakuhangaika, na sisi wengine tulijua pa kuigia.

Kahawa nayo ina kisa hicho hicho. Wachagga walipoanza kuipanda katikati ya migomba yao, walowezi wa Kizungu walipinga. Mche ulianzia kihambani kwa mtu, yaani shambani kwake nyumbani, kweli, lakini haki ya kuulima haikulindwa na mtu mmoja mmoja. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 ikaja KNCU, muungano wao wa vyama vya ushirika. Anayesimulia habari ya mche akaacha ya chama amesimulia nusu.

Dhana: Siku 21 zinatosha kujenga tabia mpya.
Ukweli: Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulipata wastani wa siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Mimi nadhani niko kwenye kundi la 254. Kikapu nilinunua, nikakitundika nyuma ya mlango, na huko ndiko kilikobaki. Muuza nyanya amenizoea, akiniona nakuja mikono mitupu anainua tu nyusi: "Leo tena, kaka?"