"Alumini haishiki kutu": aliyekwambia hajajenga ndege Mombasa

Juzi kijana kaja karakanani, hapa Changamwe. Sanduku lake la seti ya ndege, yaani vipande vya ndege ndogo ya kujiungia mwenyewe, limetoka Kilindini wiki hiyo hiyo, furaha imemjaa, na ana haki. Chai haijapoa akaniuliza: "Fundi, hii praima ya ndani ni ya nini? Si alumini haishiki kutu?" Praima ni ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, na kila anayejenga ndege yake ya kwanza huniuliza hivyo. Viti vya ngozi vimo kwenye bajeti, redio imo, praima haimo. Nimechoka kulijibu swali hili nikiwa nimesimama.

Ingia jikoni kwa mamako. Tafuta sufuria iliyolazwa na achari ya ndimu, uigeuze mwangani. Chini utaona vitundu kama vya ncha ya sindano, na kandokando ya kila kitundu unga mweupe. Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Haina wekundu wa chuma, basi watu hawaihesabu. Lakini sufuria itavuja, na ngozi ya bawa la ndege, yaani bati lake la nje, ni nyembamba kuliko sufuria hiyo.

Alumini hujivika utando mara tu inapokutana na hewa, na huko bara pakavu utando huo waweza kutosha miaka mingi. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Huku kwetu upepo wa kusi na wa kaskazi wote hubeba chumvi, na chumvi huutoboa utando pale ulipo dhaifu. Tena alumini ya ndege si alumini tupu. Aina iitwayo 2024-T3 ina shaba kiasi cha asilimia 4. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayoiponza: chembe za shaba na alumini zikilowa pamoja zinageuka betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Aina nyingine, 6061-T6, ambayo kampuni ya Zenith huitumia kwenye seti yake ya CH 750, ina shaba kidogo sana na huvumilia zaidi. Huvumilia. Sikusema haishiki.

"Lakini fundi, yangu ni alklad." Sawa, ngozi za RV-7, ndege nyingine ya seti, ni alklad: 2024 iliyofunikwa alumini karibu safi pande zote mbili. Kwenye bati la milimita 0.6 kifuniko hicho ni kama asilimia 5 kila upande, yaani milimita 0.03. Kazi yake ni kuliwa yenyewe ili ya ndani isalimike, kwa hiyo mkwaruzo mdogo usikukoseshe usingizi. Ila kikiisha kimekwisha, na wewe unayesugua kwa brashi ya waya wa chuma unakimaliza kwa mkono wako, halafu unaacha vipande vya chuma vimezama mle.

Ninachotaka ukielewe kuliko vyote ni kwamba ndege hailiwi sana pale unapopaona. Inaliwa pale bati lilipolalia bati. Unyevu huvutwa kati ya mabati mawili kama mafuta yanavyopanda utambi, na ukishaingia hautoki. Ule unga mweupe unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Hauna pa kwenda, basi unasukuma mabati yaachane, na siku moja utaona ngozi imeumuka kati ya riveti na riveti kama hamri. Ukishaona hivyo, kazi ya kupaka imepita. Sasa ni kazi ya kukata.

Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikiruka baina ya visiwa vya Hawaii, iling'oka paa la mbele ikiwa futi 24,000 angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Maungio ya mabati yalikuwa yameachia gundi, kutu imeingia, na nyufa zimeanzia kwenye matundu ya riveti. Ilikuwa imesharuka karibu mara 90,000, katika hewa ya chumvi kama hii yetu. Ndege yako haijazwi hewa ya mgandamizo wala haitaruka mara hizo, najua. Lakini bati limelalia bati vile vile.

Na penseli! Kijana alishaanza kuchora mistari ya mbavu kwa penseli, nikamshika mkono. Penseli ni kaboni, na kaboni juu ya alumini yenye unyevu ni betri ile ile ya shaba, kali zaidi. Niliwahi kufungua mkia wa ndege nikakuta namba ya kipande iliyoandikwa kwa penseli bado inasomeka, ila si kwa sababu ya penseli. Ilikuwa imechimbika kwenye bati: saba na mguu wake, vizuri kabisa, ukipitisha ukucha unanasa. Tumia kalamu ya wino.

Bolti ziwe zile zilizovikwa kadimiamu, metali ya kukinga kutu, si za chuma tupu. Sehemu za chini ziwe na matundu ya kutoa maji. Tuendelee.

Sasa niseme lile ambalo vitabu huliruka. Sina hakika kwamba kupaka kila inchi ya ndani kuna maana. Ndege ndogo nyingi za Cessna za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani bila praima ndani, na nyingine zinaruka hadi leo. Praima ni uzito utakaoubeba kila safari. Na praima iliyopakwa vibaya, juu ya jasho la vidole, huenda ni afadhali isingepakwa: kutu hutambaa chini yake kama mchwa ukutani, na rangi juu inang'aa. Msimamo nimeubadili mara mbili. Siku hizi napaka nyuso zote zinazolaliana, kabla ya riveti, na chini kote maji yanapokaa. Katikati ya ngozi za alklad naacha wazi, kisha nanyunyizia mafuta ya kuzuia kutu. Mafundi wa majahazi walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya samaki, na chini deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, tena walirudia. Na mafuta haya nayo lazima urudie. Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaopaka kila kitu, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Sanduku la kijana tulilifungua jioni ile ile. Karatasi za kufungia zilishaanza kulegea kwa unyevu. Tukazitoa zote, tukabandua plastiki ya buluu kwenye ngozi maana nayo hufungia maji ikikaa, tukasimamisha mabati kwenye rafu kwa ukingo, hewa ipite katikati. Ile mistari ya penseli tuliifuta kwa spiriti na kitambaa laini mpaka kitambaa kikatoka cheupe.