Ukiongeza asilimia 25, usipunguze asilimia 25

Wauza nguo wengi wanaamini kwamba ukiweka asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, unaweza kumpunguzia mteja asilimia 25 na mtaji ukarudi salama. Haurudi.

Chukua doti ya kanga uliyonunua Kariakoo kwa shilingi 8,000. Umeongeza 2,000, unaiuza 10,000. Mteja akikubembeleza umkatie asilimia 25, unamkatia 2,500, kwa sababu sasa hesabu inaanzia 10,000, siyo 8,000. Anaondoka nayo kwa 7,500, na 500 imetoka mfukoni mwako. Inaniuma kuona mtu anauza kutwa nzima hivi, huku akidhani amerudisha zake.

Kwenye bei ya kuuzia, faida yako ni asilimia 20 tu. Ukipunguza kiasi hicho, umeuza bure.

Tena bado nauli. Kama kusafirisha doti 20 kulikugharimu 6,000, kila doti imebeba 300, kwa hiyo gharama yake ni 8,300. Iandike namba hiyo kwa kalamu nyuma ya lebo, uisome kabla hujamjibu mteja, hata akiwa jirani yako.