Guotie na gyoza: maana ya ukoko wa makusudi

Kwa Kichina, "guo" ni sufuria au kikaango, na "tie" ni kubandika, kushikamana. Yaunganishe upate guotie: kitu kilichoshika kikaango. Kwa kawaida chakula kikishika sufuria tunajua kuna mtu amezembea, ama moto ulizidi ama maji yalikauka kabla ya wakati. Hapa uzembe huo ndio jina la chakula, tena ndio unaosubiriwa kwa hamu. Guotie isiyo na ukoko chini ni jiaozi tu iliyopotea njia.

Nimeshataja jiaozi, na hapo ndipo majina yanapoanza kuwachanganya watu. Jiaozi ni jina la jumla. Ni kifuko kidogo cha unga wa ngano kilichojazwa nyama na mboga, kikakunjwa kama nusu mwezi na kubanwa kingo. Namna ya kukipika ndiyo inayokipa jina la pili. Ikichemshwa ni shuijiao, kwa kuwa "shui" ni maji. Ikiiva kwa mvuke ni zhengjiao. Ikikaangwa kwa mafuta machache ni jianjiao au guotie, na haya mawili wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja, ingawa huko Beijing na Tianjin guotie ya asili huwa ndefu kama kidole na ncha zake huachwa wazi, ilhali jianjiao hufungwa pande zote. Ukivuka bahari hadi Japani, chakula hichohicho ni gyoza, na ya kukaanga huitwa yaki-gyoza. Korea ni mandu, na ya kukaanga ni gun-mandu. Jambo moja la kukumbuka: Mjapani akisema gyoza bila kuongeza neno, kwa kawaida anakusudia ya kukaanga, watu wa kaskazini mwa China wakisema jiaozi, mara nyingi wanawaza ya kuchemsha. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya "jiaozi halisi" na wote wakawa sahihi.

Chakula chenyewe ni cha zamani sana. Katika makaburi ya Astana, karibu na Turpan huko Xinjiang, waakiolojia walikuta jiaozi zilizokauka za enzi ya Tang (618–907), na umbo lake ungelitambua mara moja. Wapo wanaosimulia habari za Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han ya Mashariki, kwamba aliwagawia maskini vifuko vyenye umbo la sikio ili kuwatibu masikio yaliyoumizwa na baridi kali. Ni hadithi tamu, basi na ibaki hadithi. Kwa upande wa Japani habari ni za karibu zaidi: gyoza ilienea baada ya vita kwisha mwaka 1945, wanajeshi na raia waliokuwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, waliporudi kwao na ladha waliyoizoea huko. Leo miji ya Utsunomiya na Hamamatsu inashindana kila mwaka kaya za wapi zinatumia fedha nyingi zaidi kununua gyoza, na Utsunomiya wamechonga hadi sanamu yake ya mawe na kuiweka kwenye stesheni ya treni.

Sasa tuje kwenye ukoko, maana ndiyo dhana yenyewe. Guotie hupikwa mara tatu katika kikaango kimoja: inakaangwa, inaiva kwa mvuke, kisha inakaangwa tena. Mpangilio huo si mbwembwe. Maji yakiwemo kikaangoni, joto la pale chini haliwezi kupita sana nyuzi 100, kwa sababu kila moto unaoongeza huishia kuwa mvuke. Unga nao hauanzi kugeuka rangi ya kahawia na kutoa ile harufu ya kukaangwa mpaka ufike kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo pakiwa na maji hakuna ukoko. Lakini bila maji, chini kutaungua huku nyama ya ndani ikiwa mbichi na marinda ya juu yakiwa makavu kama karatasi. Maji yanaivisha, mafuta yanakausha, na kila kimoja kina zamu yake.

Na kwa nini ishike halafu iachie? Wanga uliolowa ni gundi. Huganda kwenye chuma. Ukikauka na kuwa mgumu, unaachia wenyewe. Hili lilinichukua muda kulielewa. Mara za kwanza nilikuwa nachokonoa na mwiko kila baada ya dakika, navichana vifuko matumbo, halafu nalaumu kikaango. Kifuko kinachokataa kutoka mara nyingi hakijaungua. Ukoko wake bado haujakauka. Kipe nusu dakika nyingine, tikisa kikaango, utaona kinateleza chenyewe.

Unga wake una siri moja, nayo ni maji ya moto. Kwa jiaozi za kuchemsha, wapishi hukanda kwa maji baridi ili unga uvutike na ustahimili kuchemka. Kwa za kukaanga, maji yaliyotoka kuchemka yanafaa zaidi. Maji hayo hudhoofisha zile protini zinazoupa unga wa ngano uvutano wake, na huufanya wanga unywe maji mengi. Matokeo yake ni donge laini lisilorudi nyuma unapolisukuma, na manda isiyokuwa kama mpira mdomoni. Chukua gramu 300 za unga wa kawaida na mililita 170 hadi 180 za maji ya moto. Mimina taratibu ukikoroga kwa mwiko, na joto likipungua kanda kwa mkono hadi lainike. Lifunike lipumzike nusu saa. Ukiruka hatua hiyo utajuta wakati wa kusukuma. Kisha livirige liwe kama kamba, kata vipande vya gramu 12 hivi, na utapata karibu 40. Kila kimoja kisukume kiwe duara la sentimita 8 au 9, katikati pakiwa panene kuliko kingo, kwa sababu kingo zitakunjwa mara mbili wakati katikati panabeba mzigo. Manda za dukani zinafaa pia, ila hizo ni kavu na hazishikani zenyewe. Zipake maji ukingoni kwa kidole.

Cha kujaza ndani kwa kawaida ni nyama ya nguruwe ya kusaga na kabichi ya Kichina, lakini hakuna sheria. Waislamu wa Hui nchini China hutumia kondoo au ng'ombe, na wengine hujaza mayai yaliyovurugwa pamoja na majani ya vitunguu. Kwa hizo manda 40, gramu 350 za nyama yenye mafuta kiasi zinatosha. Usichague nyama isiyo na mafuta kabisa, itakauka ndani iwe kama kijiwe. Kabichi, gramu 300, ikate ndogondogo, itie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, iache dakika 15, halafu ikamue kwa nguvu zako zote. Maji ya kabichi yakibaki yatapasua manda.

Ajabu ni kwamba baada ya kuyakamua maji kwenye mboga, unakwenda kuyatia kwenye nyama. Changanya nyama na vijiko viwili vikubwa vya sosi ya soya, tangawizi iliyokunwa na majani ya kitunguu, kisha ongeza vijiko vitatu vikubwa vya maji au supu, kimoja kimoja, ukikoroga hadi nyama inywe yote na kuanza kunata na kuvuta nyuzi. Wapishi wa Kichina husisitiza ukoroge upande mmoja tu. Mimi naona kazi kubwa inafanywa na chumvi pamoja na kule kukoroga kwenyewe, ila sijawahi kuthubutu kugeuza upande. Kabichi na kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta huja mwishoni.

Kukunja nitapita haraka, kwa kuwa mikono hujifunza yenyewe. Weka kijiko cha chai kilichojaa katikati, kunja nusu, bana juu, kisha tia marinda upande mmoja tu huku ule mwingine ukibaki umenyooka. Marinda ya upande mmoja hukipinda kifuko kama mwezi, kikakaa wima bila kuanguka. Kigonge kidogo mezani kiwe na kitako bapa; kitako hicho ndicho kitakachobeba ukoko. Kama marinda yanakushinda, bana tu kingo. Mlaji hatahesabu. Hewa ndiyo ya kuitoa, maana ikibaki itavimba na kukipasua.

Kikaangoni, pasha vijiko viwili vya mafuta kwa moto wa wastani, vipange vifuko kitako chini bila kugusana sana, subiri dakika mbili hivi vianze kupata rangi. Shika mfuniko kwa mkono mmoja kama ngao na kwa mwingine mimina maji yafike theluthi ya urefu wao. Yataruka, kwa hiyo funika papo hapo. Dakika sita au saba zinatosha. Zilizotoka kwenye friza zipe tisa au kumi, wala usiziyeyushe kwanza, kwani zikiyeyuka majimaji ya ndani hulowanisha manda ikararuka. Kisha funua, na hapa tumia masikio kuliko macho. Maji yanapokuwepo utasikia kutokota, sauti nzito. Yakiisha sauti inapanda, inakuwa kutatarika kwa mafuta. Kuanzia hapo una dakika moja au mbili za kupata rangi ya dhahabu, na ukienda kuchukua simu sebuleni umeshachelewa.

Kuna ziada moja wanayoipenda Wajapani, hanetsuki, yaani gyoza yenye mbawa. Badala ya maji matupu unamimina mililita 100 za maji yaliyokorogwa na kijiko kikubwa kimoja cha unga. Maji yakishakuwa mvuke, unga unabaki chini kama wavu mwembamba, mkavu, unaoviunganisha vifuko vyote. Hapo usiviokote kimoja kimoja. Weka sahani juu ya kikaango, ishike kwa kitambaa, na upindue vyote kwa pamoja kwa mkupuo mmoja.

Za kawaida pia huandaliwa hivyo, ukoko juu, usilowe kwa mvuke wa sahani. Wachina huchovya kwenye siki nyeusi ya Zhenjiang iliyotiwa vipande vya tangawizi. Wajapani huchanganya sosi ya soya, siki ya mchele na matone ya mafuta ya pilipili yaitwayo rayu. Vyovyote utakavyochagua, chovya ule upande laini.