Mwanza na Würzburg: nani hasa anaushikilia urafiki wa miji?

Urafiki wa Mwanza na Würzburg, mji wa Ujerumani kando ya mto Main, ulianza mwaka 1966. Tangu hapo mameya wamepokezana pande zote mbili, Azimio la Arusha limekuja na soko huria likafuata, Ujerumani mbili zimeungana. Urafiki bado upo.

Umeshikiliwa na kile ambacho wataalamu hukiita mtaji wa kijamii, yaani kuaminiana, kujuana, na mazoea ya kutimiza ahadi. Huko Würzburg kuna taasisi ya tiba ya kimisionari iliyoanzishwa mwaka 1922. Mwanza kuna hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Madaktari wa miji hii miwili wanafahamiana kwa kazi, na simu ya daktari kwa daktari haisubiri kikao cha baraza la madiwani.

Utamaduni ndio unaoufungulia mtaji huo mlango. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi, Wasukuma hukusanyika Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kwa Bulabo, tamasha lao la ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya wachezaji, hushindana kwa ngoma, dawa na mbwembwe za kuvuta watazamaji. Würzburg, mji wa askofu kwa karne nyingi, nao huadhimisha Ekaristi kwa maandamano barabarani. Mgeni wa kutoka huko anayefika Bujora anakuta sikukuu yake mwenyewe ikichezwa kwa miguu ya watu wengine, na hapo mazungumzo huanza bila mkalimani wa itifaki.

Lakini tusijidanganye kwamba pande zote ziko sawa. Kijana wa Mwanza akialikwa Ujerumani na akaunti yake haitoshi, mwenyeji wake hulazimika kwenda ofisi ya wageni kusaini dhamana ya kubeba gharama zake zote, matibabu yakiwemo, hata nauli ya kumrudisha. Serikali ya huko inaweza kumdai mwenyeji huyo baadaye. Kwangu mimi, raia anayeweka saini hiyo kwa ajili ya mtu wa mbali amefanya diplomasia nzito kuliko hotuba yoyote. Ila si haki kwamba kijana wetu asafiri kwa dhamana, na mwenzake aje Mwanza bila kudhaminiwa na yeyote.

Halmashauri zinazotafuta mji rafiki leo huanza na bendera na mkataba. Zianze kwa kuuliza ni kwaya gani, shule gani, wodi gani tayari inawasiliana na watu wa huko, kisha nafasi za ujumbe wa kwanza ziende kwao kabla ya madiwani.