Doti ya Kanga na Leseni Huria: Kufundisha Watumishi wa Afya Kusini

Katika maabara ya stadi ya chuo ninachofundisha hapa Mtwara kuna meza moja ya chuma. Asubuhi hiyo tulitandika juu yake upande mmoja wa kanga. Mwanachuo mmoja akawa anamimina maji ya rosela polepole, wenzake wamegeukia ukutani wasione chupa ya vipimo. Upande wa kwanza ulipolowa tukaongeza wa pili, nao ukalowa pembe hadi pembe. Kisha nikawaambia wageuke: mama huyu ametoka damu kiasi gani? Wa kwanza akasema mililita 150. Mwingine 200. Aliyethubutu kuliko wote akafika 300. Tuliyomimina yalikuwa 500 kamili.

Mililita 500 ndicho kiwango ambacho kwa miaka mingi kimehesabiwa kuwa ni kutoka damu kupita kiasi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mkunga anayekadiria kwa jicho huona pungufu ya kilichopo, na damu inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Hapo ndipo akina mama wanapotuponyoka, dawa zikiwa kabatini na mikono yenye ujuzi ikiwa karibu, kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba saa ya kuzitumia imefika.

Zoezi hili lilianzia kwenye somo la ukunga la Kiingereza nililolipakua bila malipo. Picha zake nzuri, maelezo yake yamenyooka. Ila lilipima damu kwa pedi za hospitali za nchi lilikoandikwa. Mara ya kwanza nililifundisha kama lilivyo. Binti mmoja wa kutoka Nanyamba akanyoosha mkono: "Madam, zahanati ya kwetu haina hizo pedi. Mama anakuja na kanga zake." Nilisimama kimya kidogo, maana alichosema ni kweli tupu, na mimi nilikulia humu humu. Jioni nikarudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa somo lile nikasoma leseni yake. Iliruhusu kubadili. Tukatoa pedi, tukaweka kanga.

Wala kanga haikutoka kichwani mwangu. Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walichapisha mwaka 2005 kazi yao ya Kigoma iliyoonyesha kwamba kanga inaweza kuwa kipimo cha damu baada ya kujifungua. Wakunga wa jadi huko walifundishwa kwamba kanga mbili zikilowa, hatari imeingia. Kanga mbili kwa lugha yetu ni doti. Tangu tulipoliandika hivyo kwenye somo, "doti imelowa, chukua hatua", sijaona mwanachuo aliyelisahau kwenye mtihani wa vitendo.

Nimeanza na kanga kwa sababu watu wakisikia "nyenzo huria za elimu" hufikiria kitu cha bure, na wakishafikiria bure huishia hapo. Neno hilo lilipatikana mwaka 2002 kwenye mkutano wa UNESCO jijini Paris, na tangu mwanzo halikuwa na maana ya kutolipa tu. Nyenzo huria ni kitabu, video, picha, mtihani au mtaala mzima ambao mwenye haki miliki ametoa ruhusa mapema, kwa maandishi, kwamba yeyote aweke nakala yake, aitumie, aitafsiri, aibadili, aichanganye na nyingine na kuisambaza. Kwetu Kusini uzito wote uko kwenye ruhusa. Vitu vya kusoma bila malipo mtandaoni ni vingi mno. Ambavyo mkufunzi wa Masasi anaweza kuvivunja na kuvijenga upya ili vimfae mtumishi wa Nanyumbu, hivyo ni vichache zaidi, na ndivyo vya kuvitafuta.

Ruhusa hiyo mara nyingi huandikwa kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Alama zake ni chache na mkufunzi anapaswa kuzisoma kama anavyosoma lebo ya dawa. BY inamtaka amtaje mwandishi. NC inakataza kufanya biashara. SA inamtaka atakachotengeneza akisambaze kwa masharti yale yale. ND ndiyo inayotunyima: ukiiona, ujue unaweza kugawa nakala, lakini ukishatafsiri au kubadili huna ruhusa ya kuisambaza kazi hiyo. Video ya bure yenye ND ni ya kutazama. Hata pedi zikikukera, utabaki nazo.

Wengi hawajui kwamba Shirika la Afya Duniani lilianza Novemba 2016 kutoa machapisho yake kwa leseni huria inayoruhusu kutafsiri, mradi isiwe kwa biashara na tafsiri itolewe kwa leseni hiyo hiyo au inayolingana nayo. Sharti ni kwamba utaje chanzo, usiweke nembo ya shirika, na uandike wazi kwamba tafsiri si yao, hawawajibiki kwa usahihi wake, na toleo la asili la Kiingereza ndilo lenye nguvu. Picha au jedwali walilochukua kwa mtu mwingine linahitaji ruhusa ya mwenyewe. Maana yake ni kwamba mkufunzi wa Nachingwea hahitaji kuandika barua Geneva na kusubiri miezi ndipo aweke maelekezo ya kunawa mikono kwa Kiswahili. Aliruhusiwa zamani.

Kwa masomo ya msingi hali ni nzuri vilevile. Kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, kilitoka mwaka 2013 kwa leseni inayodai kutajwa tu. Nakumbuka kukuta kwenye kundi moja la WhatsApp kitabu maarufu cha uuguzi kilichoskaniwa kinyume cha sheria, toleo kuukuu, na kwenye kurasa za dozi tarakimu za pembeni zimekatwa. Wanachuo walikuwa wanakisomea mtihani. Iliniumiza, kwa sababu kitabu halali, kamili, kingeweza kukaa kwenye simu zile zile bila kumwibia mtu.

Lugha ndiyo kazi kubwa zaidi. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Wodini mgonjwa anasema Kiswahili, na bibi aliyeletwa kutoka vijiji vya Newala anaanza na Kimakonde, kama vile mwenzake wa Ruangwa atakavyoanza na Kimwera. Mwanachuo anaweza kuandika dalili zote za kuishiwa damu kwenye karatasi ya mtihani na bado asimsikie mama anapomweleza dalili hizo hizo. Mama hasemi shinikizo la damu limeshuka. Anasema "naona kiza", "moyo unakwenda mbio", "nasikia baridi, nifunikeni". Tulipotafsiri somo letu hatukuhamisha maneno ya kitabu. Tulikaa na wauguzi wenye miaka mingi wodini, tukawauliza akina mama husemaje, tukayapanga maneno hayo mbele ya kila dalili. Ukurasa huo mmoja ulituchukua muda mrefu kuliko sura nzima iliyobaki.

Kuna mambo madogo ambayo tafsiri ya haraka huyaruka. Somo la asili lilisema kizazi kilichojikaza vizuri baada ya kondo kutoka huwa kigumu kama balungi. Wengi darasani hawajawahi kulishika balungi. Tukaandika: kama embe bichi. Kilicholegea, kama unga uliokandwa ukaachwa. Kwenye mifano ya magonjwa ya macho tulikuta mfanyakazi wa kiwandani; tukamweka mkulima wa mikorosho wa Tandahimba aliyekuja na macho mekundu baada ya kupuliza salfa. Mwanachuo anayemfahamu mgonjwa wa kwenye karatasi huuliza maswali yanayofaa: ulivaa nini, ulinawa na nini, upepo ulikuwa unatoka wapi?

Sasa teknolojia yenyewe. Mei 2024 ilitufundisha kitu hapa Kusini. Mwanzoni mwa mwezi mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, magari yakalala njiani. Kabla hatujatulia, tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa siku kadhaa kitabu cha kwenye lori na kitabu cha mtandaoni vilikuwa mbali nasi sawasawa. Somo lolote la afya linalotegemea mtandao uwepo muda wote limejengwa kwa ajili ya mahali pengine.

Leseni huria inaturuhusu kuliweka somo karibu. Kuna kompyuta ndogo unayoweza kuificha kiganjani, unaiwekea kadi ya kumbukumbu yenye vitabu, video na maelfu ya makala, inatoa waifai yake yenyewe. Simu zilizo jirani zinaunganishwa bila bando hata la shilingi moja. Mradi wa Internet-in-a-Box ndivyo ulivyojengwa, na programu ya Kiwix inafanya kazi kama hiyo ndani ya simu, ikiwa na mkusanyo wa makala za tiba za Wikipedia. Kisanduku kinakula umeme kidogo, sola ndogo inakitosha. Mwanachuo anayekwenda mafunzo kwa vitendo huondoka na somo zima kwenye simu yake. Ninasisitiza jambo moja kila mara: makala za namna hiyo ni za kuelewa ugonjwa. Dozi inatoka kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa, basi.

Faida nyingine ni kusahihisha upesi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama, na tiba zote zikatolewa kwa mpigo badala ya kusubiriana moja baada ya nyingine. Mkusanyiko wa madhara makubwa, yaani kutoka damu kufikia lita moja, upasuaji au kifo kwa sababu ya damu hiyo, ulipungua kwa asilimia 60. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo hakina habari hii na hakitaipata mpaka toleo jipya. Somo letu tulilibadilisha sisi wenyewe. Kanga imebaki kwa zahanati isiyo na mfuko, na mfuko umeingia kwa hospitali inayoupata.

Pamoja na yote hayo, video haimfanyi mtu kuwa mkunga. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalipopelekwa katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona kwamba kozi ya siku moja peke yake iliwafanya watumishi wafanye vizuri kwa mdoli wa mazoezi bila kubadili walichofanya kwa mtoto halisi. Mabadiliko yalikuja walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini. Kwa hiyo ninapoombwa ushauri wa kununua vishikwambi, huuliza kwanza: mdoli wenu yuko wapi? Mara nyingi amefungiwa stoo asichakae, na ufunguo anao mtu aliye safarini. Mdoli akae mezani karibu na chumba cha kujifungulia. Achakae.

Na tuwalinde wagonjwa. Nimeona picha za vidonda, hata za sura za watu, zikizunguka kwenye makundi ya wanachuo kwa jina la kujifunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa akikubali mguu wake upigwe picha ili wengine wasome, aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba nyenzo huria ikishatoka hairudi. Akisita, acha. Mdoli, mchoro na maji ya rosela vipo.

Somo letu la kanga sasa lipo kwenye flashi, na lina leseni inayomruhusu mkufunzi yeyote wa Mtwara, Lindi au kwingineko kulibadili. Lina upungufu ninaoujua. Maji ya rosela hayagandi kama damu, hivyo tumeongeza zoezi la kupima uzito: pima kanga kavu, pima iliyolowa, toa, gramu unayoipata inakaribia mililita ya damu. Kwa kanga za pamba tumeshapima za kutosha. Lakini akina mama wengi huja na vitenge, na kitenge kizito hunyonya tofauti na kile chepesi chenye nta. Hicho bado hatuna kipimo chake. Mwenzangu unayefundisha Liwale, Ruangwa au Newala, ukishavilowesha vitenge vya kwenu na kuvipima, andika aina ya kitambaa, upana, urefu na gramu ulizopata pembeni ya ukurasa wa nne. Tumeuacha wazi kwa ajili hiyo.