Je, kufoka hupunguza hasira?

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, mwenye hasira huambiwa: "Foka, toa yote, moyo utulie." Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa hasira ni kama mvuke wa sufuria: usipofunua kifuniko, utalipuka.

Imani hii inaeleweka, kwa sababu anayefoka huhisi nafuu kwa dakika chache. Ila mwili wake haujatulia. Moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, na akili inazidi kulirudia lile kosa. Mapitio ya mwaka 2024 yaliyounganisha tafiti 154 yalionyesha kuwa hasira hushuka mwili unapotulizwa: kupumua polepole, kulegeza misuli, kutafakari. Hata kukimbia, ambako nami nilikuwa nawashauri watu, hakukuonekana kuipunguza.

Hii haina maana umeze kinyongo. Kumweleza aliyekukosea kwa sauti ya kawaida ni jambo jingine kabisa.

Unaweza kujipima mwenyewe. Ukijikuta umefoka, andika nguvu ya hasira yako, 1 hadi 10, papo hapo na baada ya nusu saa. Siku nyingine ukikasirika, keti kwenye upepo wa Raskazone, pwani ya Tanga, upumue taratibu, uandike tena. Rudia mara kadhaa, maana siku moja haitoshi kuamua.